Mpelelezi Asiyeweza Kutoa Ushahidi

Tangu Januari nimekuwa nikiandika, jioni baada ya kazi hapa Kisumu, hadithi ya upelelezi inayotukia San Francisco mwaka 1855, na wapelelezi wangu ni wahamiaji wawili wa Kichina: mzee anayeuza dawa za mitishamba na kijana dobi. Muuaji wanamjua kufikia sura ya tatu. Kilichonikwamisha ni sheria.

Mwaka 1853, katika machimbo ya dhahabu ya California, Mzungu aitwaye George Hall alimuua Mchina Ling Sing, akahukumiwa kifo, na Wachina walikuwa miongoni mwa mashahidi. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ilibatilisha hukumu hiyo. Sheria iliwakataza watu weusi na Wahindi Wekundu kutoa ushahidi dhidi ya mtu mweupe. Wachina haikuwataja, lakini jaji mkuu, Hugh Murray, alieleza kwamba asili ya Wahindi Wekundu ni Asia, na kwa hiyo jina hilo linawahusu Wachina pia. (Hoja ya namna hiyo hata mlevi wa busaa angeona haya kuitoa.)

Dobi wangu, basi, ameona shati lenye damu ambalo muuaji, Mzungu, alijaribu kulifua mwenyewe kwa maji moto, asijue kwamba damu ikipata moto hung'ang'ania uzi, lakini neno la dobi kortini ni bure. Kwa hiyo kazi ya wapelelezi hawa imegeuka: sasa wanatafuta Mzungu mmoja, mteja mwenye deni la kufuliwa, wamfikishe mahali ambapo atajionea kwa macho yake yale wanayoyajua wao.

Rafiki aliniuliza Wachina wa Marekani wananihusu nini. Nilimjibu kwa kumtaja babu yangu, aliyefanya kazi kwenye shamba la walowezi karibu na Nakuru huku kipande, yaani kitambulisho ambacho wakoloni waliwalazimisha Waafrika kubeba, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Wachina nao walikuwa na kipande chao: sheria ya Marekani ya mwaka 1892 iliwalazimu vibarua wa Kichina kuwa na cheti cha ukaazi, na aliyekamatwa bila cheti alihitaji walau shahidi mmoja mweupe.

Jumapili nilimsomea Mama sura ya sita. Aliuliza jambo moja tu: "Na huyo mteja akikataa kusema?"

Sura ya saba nimeianza upya.