Siku moja maishani mwangu: sari, kanga na rangi ya mafuta hapa Vadodara

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye mkokoteni wa kona, kisha narudi chumbani mbio. Mwanga ninaoutaka ni huu wa sasa, unaoingia dirishani kwa ubavu. Aprili hapa Gujarat, magharibi mwa India, joto hufika digrii 40, na ikigonga saa tano kila kitu kimeshakuwa cheupe, sura haina tena kivuli cha kushika.

Nasoma uzamili wa uchoraji katika Chuo Kikuu cha Maharaja Sayajirao, na kodi nailipa kwa picha za watu ninazoagizwa. Iliyopo kwenye stendi ni ya bibi wa Kigujarati mwenye miaka 80 na ushee. Mkono wake wa kushoto umenikataa wiki nzima. Leo nimechukua kisu cha rangi nikaukwangua wote mpaka kwenye tabaka la kwanza la rangi. Nililia kidogo, sifichi. Kosa langu ni la mafuta: tabaka la chini huchanganywa na tapentaini nyingi ili likauke upesi, la juu ndilo huongezwa mafuta ya kitani. Mimi nilifanya kinyume. Juu kukakauka, chini kukabaki kubichi, na ngozi ya kiganja ikaanza kupasuka kama tope la bwawa.

Saa tatu, darasani. Mjadala mrefu, niliandika machache.

Saa tano niko Makumbusho ya Fateh Singh, ndani ya viwanja vya kasri la Laxmi Vilas. Naingia na daftari na penseli tu. Huku ndiko ziliko picha za mchoraji Raja Ravi Varma, aliyezaliwa Kilimanoor, Kerala, mwaka 1848. Wenzangu wengi wanamwona wa kizamani, wanasema aliiga Wazungu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mchoraji wa kasri la Travancore, ufalme wa kusini mwa India, aliyejua rangi ya mafuta, Ramaswamy Naidu, alikataa kumfundisha. Mwaka 1868 akaja Theodor Jensen kutoka Ulaya, naye alimruhusu kutazama tu akichora. Kijana akatazama. Aliyejifunza kwa kusimama nyuma ya bega la mtu, halafu mwaka 1873 akapata tuzo Vienna, huyo simwiti mwigaji.

Mwaka 1888 Sayajirao Gaekwad wa Tatu, mtawala wa hapa Baroda, jina la zamani la Vadodara, alimwagiza picha 14 za visa vya Mahabharata, Ramayana na masimulizi mengine ya kale. Kabla ya kuzichora, Ravi Varma na mdogo wake, naye mchoraji, walizunguka India wakitafuta jibu la swali moja: watu wa visa hivyo wavae nini? Kila jimbo lina vazi lake. Mwishowe wanawake wengi wa picha zake aliwavika sari, na mimi huja hapa kwa ajili ya hizo sari. Leo nilisogelea pindo moja mpaka mlinzi akanikoholea. Ukiwa mbali unaona nyuzi za dhahabu. Ukikaribia, dhahabu haipo. Kuna hudhurungi, kuna njano ya udongo, na vidoa vizito vya njano iliyotiwa nyeupe, vimewekwa pale tu zizi linapogeukia mwanga. Zizi likizama kivulini, vidoa vinakatika. Kitambaa kina uzito, unaona kabisa kinavyomlemea bega.

Nilipokuwa mtoto Tanga, kwenye duka la Mhindi tulikotumwa binzari, ukutani kulikuwa na kalenda ya Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu, amesimama juu ya yungiyungi, mikono minne, sari imetulia mwilini. Sikujua kwamba mtindo ule unarudi kwa mtu huyu, aliyefungua kiwanda cha kuchapa picha Bombay mwaka 1894, kila rangi ikichapwa kwa jiwe lake, ili hata asiye na kasri aweke picha ya mungu wake ukutani.

Saa tisa alasiri, bibi amefika na mjukuu wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Kiswahili chake ni cha Tanga tupu. Alizaliwa kule, akaondoka akiwa mama wa watoto wawili. Alikaa kwenye kiti, akatazama mahali palipokuwa na mkono wake, akauliza umekwenda wapi. Nikamweleza. Akacheka, akaunyoosha tena mkononi mwa kiti bila kunung'unika, na safari hii niliona nisichokiona wiki nzima: kidole cha pete hakilali, kinabaki kimeinuka kidogo. Saa nzima nilichora kidole hicho.

Alipokuwa anaondoka akanishika kiwiko. "Hii sari ni nzuri, lakini mimi nina kanga. Nimeitunza tangu Tanga. Unaweza kunitupia begani?"

Saa nne usiku. Brashi nimeziosha kwa tapentaini, kisha sabuni. Nimetandaza kanga yangu mwenyewe kwenye mgongo wa kiti chini ya taa, naichora kwa penseli. Pamba hii haianguki kama hariri, inavunjika kwa pembe, na pindo lake jeusi linameza mwanga wote. Bega lote itabidi nilianze upya. Bibi anarudi Alhamisi.