Farasi anayevuta: jinsi lijamu ya mseto ilivyokaa sawa

Farasi ninayemtunza alistaafu mbio za Ngong, Nairobi. Ana roho nzuri, lakini kila akienda shoti alikuwa akiinamisha kichwa, analalia chuma cha mdomoni na kumvuta mpandaji mabega. Tulijaribu chuma kinene, kisha chembamba, kisha kukaza mkanda wa pua. Akazidi kuvuta. Daktari wa mifugo alimkagua meno na mgongo, akamkuta mzima. Usiruke hatua hiyo, maana farasi mwenye maumivu huyakimbia.

Kilichosaidia ni lijamu ya mseto, ile yenye chuma cha mdomoni, mkanda wa puani na mnyororo wa kidevuni, ili nguvu ya hatamu isiuangukie mdomo peke yake. Mwanzoni alirusha kichwa juu. Nikampapasa pua: mkanda ulikuwa umekalia sehemu laini, chini ya mfupa, pale panapobana pumzi. Nikaupandisha hadi kwenye mfupa mgumu, vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Kisha nikalegeza mnyororo hadi vyuma vya pembeni viweze kuzunguka kama nyuzi 45 kabla haujashika, nikaunyoosha ukae bapa bila kujisokota. Sasa pua inaguswa kwanza, mdomo baadaye.

Tulianza kwa kutembea tu ndani ya ua, na mpandaji mwenye mkono mwepesi. Lijamu hii ni kali, haimfai kabisa anayejifunza. Siku hizi farasi huyu anapunguza mwendo ukifunga vidole tu kwenye hatamu.