Amani, vyura hawakutulaza

Nianze na bodaboda wa Muheza maana bado inaniuma. Kutoka stendi kupanda Amani, kwenye hifadhi ya msitu kule milima ya Usambara, alitaka 25,000 kwa kichwa, eti barabara mbovu na mlima mkali, tukavutana weee mpaka 18,000, halafu tulipofika zile kona za juu ya Sigi akatushusha tutembee, pikipiki imezidiwa, na hela ndo hairudi. Hema la kukodi nalo bei juu na zipu imekufa.

Ila lile bwawa la kule Amani tulikopiga hema, jamani! Dogo tu, matete ukingoni, msitu umelizunguka, hondohondo wanapita juu kwa makelele. Tukatandika mkeka tukala mihogo na samaki wa kukaanga tuliobeba, chai ya iliki tukanunua kwa mama mmoja wa kijijini, iliki ya hukohuko, sijawahi kunywa chai tamu vile. Bustani ya miti ya Wajerumani ya 1902 tuliipitia juujuu tu, jua lilikuwa linazama.

Giza kuingia tu, vyura hao. Nilidhani watu wanagonga chupa, mke wangu ananisemesha pembeni simsikii. Kaka mmoja anayetembeza wageni akatuchukua na tochi mpaka kwenye matete, akamulika jani moja, kachura hakazidi ukucha wa kidole gumba, koo limevimba kuliko kichwa chake, ndo kanapiga kelele zote zile! Nikachuchumaa pale sitaki kuondoka.

Akaniuliza, "Kaka, nyie wa Tanga mjini mnakunywa maji ya wapi?" Nikamjibu ya bomba, ya Mabayani. Akasema Mabayani ni bwawa tu kaka, mto ni Sigi, na Sigi unaanzia kwenye milima hii hii, msitu huu ukiisha nyie huko chini mtafungua bomba litoke tope. Basi usiku kucha nawaza nyumbani Chumbageni, bili ya maji tunavyoilalamikia kila mwezi, kumbe hata siku moja sijawahi kujiuliza maji yanatoka wapi.

Asubuhi tunashuka, pale mtoni Sigi watu wamekula wameacha chupa za soda na pampasi, pampasi kabisa, kwenye maji! Iliniuma sana. Tukaokota tulizoweza tukajaza mfuko, na boda wa kurudi akagoma kuupakia mpaka nimwongeze 2,000. Nikampa.