Muvi mbili nilizocheki wikiendi

Nimeanza na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, na jamani ile muvi ni nzuri mno. Zanzibar ya miaka ya 50, Yasmin kaozeshwa bado binti mdogo kwa mzee, akakimbia, akakutana na Denge ambaye yeye anapambana na Waingereza, na nachopenda ni kwamba hawakuharakisha kitu, wanaacha tu taarabu ipige, kamera inakaa kwenye uso wa Yasmin mpaka unaona anavyobadilika bila kutamka neno. Na Kiswahili chao! Lafudhi ya Unguja yenyewe, siyo ile ya kuigiza ya bongo muvi nyingi ambapo kila mtu anafoka. Waliosoma kitabu watalalamika kuna vitu vimekatwa, ni kweli, ila mi naona walichobakiza kinatosha.

Halafu Supa Modo, ya Kenya, 2018, ya Likarion Wainaina. Jo mtoto wa miaka 9 anaumwa ugonjwa usiopona, ndoto yake ni kuwa supahiro, basi kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Nimelia, kwa kweli. Yule mama ndo kaniua kabisa, anataka mtoto apumzike kitandani tu na unamwelewa, na dada mtu anataka mdogo wake acheze, na yeye pia unamwelewa.

Kama una watoto nyumbani anzeni na hiyo ya pili, ila kaeni nao.