Bisibisi Sikioni

Kwenye hitima ya babu, kila aliyenishika mkono alimtaja kwa jina moja: Injinia. "Mungu amrehemu Injinia." Mwenyewe angewakatiza. Cheti chake kilikuwa cha ufundi wa mitambo ya dizeli, na akiitwa Injinia pale sokoni Malindi alijibu, "Injinia yuko ofisini, mimi fundi." Lakini jina la mtaani halina ofisi ya kulirudisha, akazikwa nalo.

Watu walisimulia pampu alizofufua na harusi alizookoa taa zilipozimika. Mimi nilikaa kimya nikiwaza likizo moja ya Disemba, niko darasa la saba, aliponichukua Ngomeni.

Tulipanda matatu asubuhi, tukavuka Sabaki iliyojaa maji mekundu, tukapita Mambrui, kisha Gongoni kwenye mashamba ya chumvi yanayong'aa hadi macho yakauma. Babu na makanga walibishana nauli njia nzima, kama kawaida yake. Alikuwa akipaza sauti kuliko ilivyohitajika, nami nikaona haya. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Ngomeni palikuwa kama kwake. Waitaliano waliposimamisha majukwaa yao ya chuma baharini, mahali walipopaita San Marco, alikwenda kuomba kazi, wakampa jenereta. Roketi ya kwanza kupeleka setilaiti kutoka pale iliruka 1967, ya mwisho 1988. Kwa miaka yote hiyo yeye alitunza umeme, akarudi nyumbani na maneno yao machache. Bisibisi kwetu iliitwa kachavite, na bibi alipozidi kumhimiza alijibiwa "piano, piano", yaani polepole.

Siku hiyo alikuwa ameitwa na rafiki yake nahodha. Mashua yake yenye injini ya silinda mbili ilikuwa inakohoa, na fundi wawili walishakula pesa bila kuiponya. Ilikuwa imetia nanga kwenye maji ya magotini. Tukakunja nguo, tukaifuata.

Nahodha akapiga hendeli. Injini ikawaka kwa kuchechemea: tuk-tuk, kimya, tuk, kimya. Babu akachuchumaa, akachomoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao uliong'arishwa na jasho la kiganja chake. Ncha akaiweka juu ya nozo, kile kifaa kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda, mpini akaubana kwenye sikio la kulia, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyowapima wagonjwa wake siku zote, na kwa kawaida hakuchukua hata dakika. Safari hii akahamia sikio la kushoto. Akarudi la kulia. Akakaa hapo muda mrefu, jasho likimtiririka shingoni.

Alipofumbua macho alinitazama mimi, si nahodha.

"Mke wangu, njoo." Aliniita hivyo tangu nizaliwe, ili bibi aone wivu.

Akaniwekea mpini mbele ya sikio, kwenye mfupa. "Wasikia nini?"

Injini nzima ikaniingia kichwani. Nikasema ni kama mtu anayegonga kucha juu ya sinia. Babu akanitazama mdomo hadi nikamaliza, kisha akahamisha ncha kwenye nozo ya pili.

"Na hapa?"

"Kama anagonga juu ya godoro."

Akacheka. "Basi huyo ndiye mgonjwa."

Akalegeza nati ya mrija wa nozo ile kwa spana. Dizeli ikachuruzika, na injini haikubadili mlio hata kidogo. Silinda ilikuwa imekufa zamani, mafuta yaje yasije kwake mamoja. Akaizima, akaifungua nozo, akanionyesha kitundu kilichoziba kwa masizi. Aliisafisha ndani ya kopo la maziwa, akaifuta kwa pindo la kikoi (bibi angeliona hilo!), akairudisha. Halafu akanipa kazi ya kutazama mrija wakati akipampu kutoa hewa, nimwambie mapovu yakiisha.

"Injinia," nahodha akasema, nusu utani, "masikio yamekwenda wapi?"

"Nimeyaacha kule," babu akajibu, akielekeza kidevu kwenye majukwaa.

Tukatoka kuijaribu. Majukwaa yalisimama mbali kwenye maji, yamekula kutu, na nikamuuliza kwa kelele kama roketi aliziona. Akaniambia habari za 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, iliporushwa setilaiti ya Wamarekani wakaipa jina Uhuru.

"Uliiona?"

"Niione vipi? Wote wako nje wanatazama juu, mimi niko ndani na jenereta zangu. Zikizima, nani ataulizwa?" Akanyamaza kidogo. "Mara sauti yao ikapotea. Nikajua zimekufa, na mimi nimekufa nazo. Nikaziwekea mkono, nikakuta zatetema. Ndipo nikaelewa kuwa kuna kitu kinapita, kimemeza mlio wao."

Miaka baadaye nilimsomea kwamba setilaiti ile ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutafuta eksirei zinazotoka angani, kwamba iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300, na kwamba Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti wake alipata Nobel 2002. Akauliza kama jenereta zimetajwa.

Mle mashuani, alipokwisha kunisimulia, aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini na kukiacha hapo.

"Sasa yalia vipi?"

"Kucha juu ya sinia, babu. Zote mbili."

Akaitikia kwa kichwa, mkono haukuondoka.

Jioni, kwenye matatu ya kurudi, makanga alimuuliza anashukia wapi. Akauliza tena. Babu akamtabasamia kama mtu aliyeambiwa jambo zuri. Nikajibu mimi: stendi ya Malindi, watu wawili. Babu akatoa noti mfukoni, akanipa mimi nilipe.