Siku ya kwanza na baiskeli ya shokapu mbili, Lushoto

Kwa miaka sita nimezunguka Usambara na baiskeli yenye shokapu ya mbele tu. Ya nyuma ilikuwa magoti yangu. Basi nilipopata hii mpya, shokapu mbele na nyuma, matairi ya inchi 29, nilijua kazi iliyobaki ni kukaa na kuteremka.

Niliitoa kwenye boksi Lushoto mjini, nikafunga usukani na pedali, nikaanza kupanda kuelekea Magamba. Sijamaliza hata kilomita mbili nikaanza kujuta. Kila nikikanyaga, kiti kinazama na kuibuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Kwenye kijia cha mawe pedali iligonga chini mara mbili. Mara ya pili nikalala kwenye kabichi za watu. Mzee aliyekuwa akipalilia akanyanyuka kunitazama.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa shamba."

"Marahaba. Pole mwanangu. Hiyo baiskeli mbona imekaa kama imechoka?"

Aliona sawasawa. Nilikuwa naendesha kitu kilichobonyea.

Nikarudi mjini kwa fundi baiskeli. Akaibonyeza kwa kiganja, akacheka: "Kaka, hili godoro." Kisha akavuta mpira wa kompresa anayojazia matairi ya bodaboda. Nikamshika mkono. Shokapu hii hujazwa hewa, na valvu yake inafanana na ya pikipiki, na hapo ndipo mtu anapoponzeka: chumba cha hewa cha shokapu ni kidogo mno, ukichomoa mpira, hewa kidogo tu ikitoka presha inashuka sana. Inatakiwa pampu yake ndogo yenye geji. Na pampu hiyo ilikuwa ndani ya boksi, imeviringishwa kwenye karatasi niliyokuwa nusura niitupe.

Geji ikasoma presha ya psi 120. Mimi na begi la maji tuna kilo 82, na kijitabu kilitaka nianze na 180. Kwenye bomba la shokapu kuna kipete cha mpira. Unakisukuma hadi juu, unapanda taratibu, miguu yote kwenye pedali, unashuka bila kuruka, halafu unapima kimesogea kiasi gani. Bomba langu lina milimita 55, nami nilitaka lizame 16 hivi, karibu asilimia 30. Kwa psi 180 lilizama milimita 20. Fundi akanishikia usukani, nikapanda na kushuka kama mtoto anayefundishwa, wapita njia wakicheka, mpaka tukafika 195. Kumi na sita kamili.

Kikabaki kitufe chekundu cha kuzungusha, kina picha ya sungura upande mmoja na kobe upande wa pili. Kinaamua shokapu irudi juu kwa kasi gani. Nilikuwa nimekiacha kwa sungura, ndiyo maana kila mzizi ulinirusha. Nikakisogeza kwa kobe, vituo vitatu.

Kupanda mara ya pili hakukuwa rahisi, nisidanganye. Ina kilo 15, na mlima unazihesabu zote. Kuna kiwiko cha kukaza shokapu ya nyuma; nilikikaza kwenye barabara, nikakilegeza nilipoingia msituni, kwa sababu kwenye mizizi tairi la nyuma linashika vizuri likiachiwa licheze.

Kuteremka sasa. Pale penye mizizi iliyolowa, mahali ambapo miaka yote hushuka nikakokota, nilishika breki kwa kidole kimoja na nikapita nikiwa nimekaa kitini. Miguu ilisikia tu dug-dug-dug, mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili. Nikageuka, nikapanda tena kwa miguu, nikarudia. Mara ya tatu nilikutana na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, nikasimama pembeni apite, na breki hazikulia hata kidogo.

Jioni fundi aliomba aizungushe uwanjani. Aliporudi akauliza bei. Nikamtajia nusu, na bado akashika kichwa.