Kisu cha kitako cha chupa

Jamani huku Tanga kupata jiwe la kuchongwa liwe kisu ni mtihani, maana haya mawe ya Amboni ni chokaa, ukiligonga linavunjika hovyo tu. Mi natumia vitako vya chupa za bia, kioo kinabanduka vizuri. Kazi yote iko kwenye ukingo, unausugua kwanza na jiwe la kukwaruza usiwe mwembamba sana, halafu unakandamiza na ncha ya waya mnene wa shaba uliochomekwa kwenye mpini, unasukuma kwa ndani, pah! kibanzi kinachomoka upande wa chini, chembamba kama gamba la changu. Pembe ya ukingo ikizidi nyuzi 90 utajichosha bure. Miwani vaa, na usichongee barazani, watoto wanapita peku. Ila makali yake sasa, nyanya haijui imekatwa saa ngapi.